Nepi ya Siku ya Kumi na Tisa

Ukiniuliza kazi yangu harusini
nitasema maabara, nisiongeze neno.
Mezani kuna keki.
Lakini wewe, Benício, hatufichani:
kazi yangu ni mavi yako.

Julai, Pelotas. Minuano
imeshuka toka kusini, inakwaruza vioo vya wodi.
Wewe umo ndani ya kisanduku chako cha joto,
gramu mia tisa na arobaini,
wayo wako haujafika urefu wa kidole changu cha shahada.

Ulikuja wiki kumi na mbili kabla ya siku yako.
Hukupita mlangoni; ulitolewa darini,
ukapokewa na glavu, na taa, na antibiotiki.
Utumbo wako nyumba mpya, rangi haijakauka,
hata mjusi hamna.

Nyumba tupu haikai tupu.
Wa kwanza kuingia hawakupiga hodi:
walitoka kwenye beseni, kwenye mpira wa pua,
kwenye kitasa cha droo. Nepi ya siku ya tatu
niliwakuta wamejazana katika sahani ya kioo,
madoa ya kijivu yenye utelezi,
watu wa kukaa sebuleni na viatu.
Niliandika majina yao. Sikuwatukana,
nao wanatafuta pa kulala.
Ila nimeshaona wanachofanya nyumba ikiwa dhaifu:
tumbo huvimba, hugeuka rangi ya wino,
na daktari Zulmira hutoka chumbani akivua kofia polepole.

Mama yako, Jussara, hufunga pichi makoponi,
anaijua sukari kwa kiganja.
Saa sita baada ya kisu alikaa kitako
akikamua dang'a kwa vidole viwili,
akilia, akiapiza, akikamua.
Matone manne.
Nesi Odete aliyavuta kwa bomba kama anayeokota shanga,
akakupaka moja kila shavu, kwa ndani,
mawili yakateremka na mpira.
Kesho yake nusu mililita. Baada ya saa tatu, nusu nyingine.
Kibaba? Kijiko cha chai kilikuwa bwawa.

Yake yalipopungua, wazima moto walileta.
Ndiyo, wazima moto: Alhamisi hupita mitaani
wakikusanya maziwa ya wanawake waliojaliwa,
yamegandishwa katika chupa za kahawa.
Siku ile hapakuwa na moto popote mjini
isipokuwa ule wa tumboni mwako,
usiozimwa kwa maji.

Sasa sikia.
Ndani ya maziwa yale mna sukari
usiyoweza kuisaga, hata ungezaliwa umetimia.
Nilipofundishwa hilo nilikasirika:
mwanamke amechoka hivi, halafu apike chungu kisicholiwa?
Ilinichukua miaka.
Kile ni chungu cha wageni.
Mama hupika cha mtoto, na pembeni
hubandika cha wale walio bado njiani,
asiowajua hata kwa sura.

Leo nimefungua sahani za nepi ya siku ya kumi na tisa,
nepi iliyokuwa na uzito wa barua.
Kahawa yangu imepoa. Wamo:
weupe, wadogo, na chini ya hadubini
wamepanda panda kama vijiti vya manati.
Si wengi, sitamdanganya mtu.
Wale wa viatu bado wako sebuleni.
Lakini hawa wamekuja na njaa ya sukari ile ile,
wanakula, wanaacha uchachu,
na uchachu huo unawakera wenzao.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilipanda ghorofani bila koti.
Jussara alikuwa amekulaza kifuani, ngozi kwa ngozi,
waya zako zimemning'inia begani.
"Vipi?" akauliza.
Nilikuwa na majina ya Kilatini mdomoni, nikayameza.
"Wamefika."
"Akina nani?"
Akatazama mlangoni,
akavuta shali,
akaanza kutengeneza nywele.